Swala wa Serikali, Mahindi ya Nani?

Ukitaka kuwaingiza wazee wa kijiwe cha kahawa mjini Babati kwenye ubishi wa kufika adhuhuri, achana na Simba na Yanga. Hiyo mada wanaimaliza kabla jua halijavuka kilele cha Kwaraa. Wewe sema tu kwamba nyama ya swala ni tamu kuliko ya mbuzi, kisha kaa kimya unywe kahawa yako.

Wa kwanza atakuuliza uliila lini. Wa pili atakuuliza uliila wapi, na hapo benchi zima litacheka, maana kila aliyeketi pale anajua kuwa jibu la haraka haraka linaweza kumfikisha mtu mbele ya hakimu. Ndiyo sababu habari za nyamapori Babati husimuliwa kwa mambo yaliyopita tu. Ilikuwa enzi za marehemu babu. Ilikuwa kabla Mkoa wa Manyara haujazaliwa mwaka 2002, tukiwa bado Arusha. Ilikuwa Simanjiro, kwa shemeji, na shemeji mwenyewe alishatangulia mbele ya haki. Mashahidi wote wako makaburini, na utamu unaongezeka mwaka hadi mwaka.

Nimeusikiliza ubishi huu mara nyingi, na ninachokisikia chini yake ni kilio cha mkulima. Babati imezungukwa na wanyama karibu pande zote. Wanyama hao wanakula chakula cha Babati, na Babati hairuhusiwi kuwala wao. Mambo mengine yote yanayosemwa kijiweni, kuhusu ladha, mafuta, mifupa na namna ya kukausha, yanazunguka hapo hapo.

Tazama ulivyokaa mji wenyewe. Ukishika barabara kuu ya kwenda Arusha, safari ya kilomita 170 hivi, unapita Magugu na mashamba yake ya mpunga, unafika Minjingu, na mkono wako wa kulia iko Tarangire, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, yenye kilomita za mraba 2,850. Mkono wa kushoto, ng'ambo ya uwanda, iko Ziwa Manyara, hifadhi tangu mwaka 1960. Katikati ni Kwakuchinja, ushoroba ambao wanyama wameupita tangu kabla ya barabara, na sasa lami inaukata. Masika yakianza, nyumbu, pundamilia na tembo wa Tarangire hutawanyika nje ya hifadhi, wengi wakielekea nyanda za Simanjiro. Kiangazi kikikaza, wanarudi mtoni ndani ya hifadhi. Kwenda na kurudi wanapita kwa watu, na watu hao wamelima mahindi.

Hata mjini kwenyewe hujawakimbia. Ziwa Babati lina viboko, na mchana wapiga makasia huwapeleka wageni kuwatazama. Usiku ni zamu ya viboko kuja kutazama bustani. Kiboko mmoja anaweza kula kilo 40 za majani kwa usiku mmoja, na hana habari kama majani hayo ni nyasi za ufukweni au mchicha wa mama aliyekopa Vicoba kununua mbegu. Ziwa lenyewe nalo lina tabia zake: lilifurika mwaka 1964, likafurika 1979, likafurika tena 1990, na kila mara maji yaliingia mpaka kwa watu. Wakazi wa kando ya ziwa hili wamezoea kutembelewa bila kubisha hodi.

Basi wakati wazee wanabishana kuhusu swala, wanakula nini?

Kande. Na kama si kande, ugali na mlenda, au ugali na maziwa mgando, au wali wa Magugu kwa maharage siku mkono ukiwa na chochote. Asubuhi, aliyelala vibaya atatafuta supu ya kongoro na chapati pale karibu na stendi. Jioni, vijana wa bodaboda watakula chipsi mayai wakiwa wamesimama, na upande wa pili wa barabara kitimoto kinakaangwa na foleni yake haina utani. Perege na kambare wa ziwani wapo ziwa likifunguliwa kwa uvuvi. Likifungwa ili samaki wazaane, dagaa wa Ziwa Victoria wanashika nafasi.

Lakini chakula cha kumtuliza mtu, kile anachokililia akiwa mbali, ni kande. Wengi wetu tuliichukia shuleni, kwa sababu kande ya bweni ilikuwa na wadudu wanaoelea na maharage ya kuhesabika. Tukaapa kwamba tukipata kazi hatutaigusa. Mwaka wa tatu wa kazi mtu yuko Dar es Salaam, joto limembana, anapiga simu nyumbani na swali lake la kwanza baada ya shikamoo ni, "Mama, leo mmepika nini?"

Mama lishe wa Babati anayejua kazi yake anaanza kande jana yake. Mahindi yamekobolewa, yamelowekwa usiku kucha, maharage pembeni kwenye sufuria yake. Alfajiri anaunganisha, anafunika, anaacha mkaa ufanye kazi kwa saa mbili au tatu. Asiye na mkaa wa kutosha hutupia magadi kidogo ili maharage yalainike upesi, na mlaji mzoefu atayagundua magadi hayo kwenye kijiko cha kwanza. Chumvi inakuja mwishoni. Kitunguu na karoti vinakaangwa kwa mafuta ya alizeti, mafuta yenye harufu ambayo watu wa Pwani huilalamikia na watu wa huku huifuata, kisha vinamwagwa juu na sufuria inarudishiwa mfuniko. Kati ya Juni na Julai, upepo ukiteremka mlimani na kila mtu amevaa sweta mpaka saa nne, sufuria hiyo huisha kabla ya saa saba mchana. Wapo wanaokula na parachichi. Wapo wanaomimina maziwa mgando juu, nami ni wa kundi hili, na siko tayari kujadiliana na yeyote.

Ndani ya sahani hiyo hakuna nyama hata punje. Hapo ndipo ubishi wa kijiweni unaponichekesha: watu wanaogombea nyama wasiyoila, huku matumbo yao yamejaa mahindi. Isipokuwa mahindi hayo ndiyo kiini cha ugomvi, kwa sababu tembo nao wanayapenda.

Muulize mkulima wa Mwada au wa Galapo kuhusu mwezi wa Mei. Mahindi yamekomaa, mwezi wenyewe wa usiku haupo, na baba wa nyumba analala juu ya dungu shambani akiwa na tochi, debe na filimbi. Tembo hatembei na kelele kama watu wanavyodhani. Mara nyingi unasikia bua likivunjika, basi. Wakija watano, ekari moja haifiki asubuhi. Katika vijiji vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge, wakulima wamefundishwa kuwafukuza kwa hatua: mwanga mkali kwanza, honi baadaye, halafu unga wa pilipili unaolipuliwa hewani, na fataki ikiwa vyote vimeshindikana. Inasaidia. Lakini inamtaka mtu awe macho usiku kucha, na kesho yake jembe linamsubiri.

Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kuuawa. Kanuni za mwaka 2011 zilianza na Sh25,000 kwa ekari, zikipanda hadi Sh100,000 kadiri shamba linavyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi, na si zaidi ya ekari tano. Kwa uhai wa mtu ziliweka Sh1 milioni. Viwango hivyo vililalamikiwa bungeni na vijijini mwaka baada ya mwaka, na sihitaji kueleza kwa nini. Mtu yeyote aliyewahi kununua mbegu na mbolea ya ekari moja anaweza kupiga hesabu mwenyewe.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya nyingine. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, nyama ya mnyama wa porini ni nyara ya Serikali kama ilivyo ngozi au pembe. Ukikutwa nayo bila kibali, kosa likiangukia upande mzito wa sheria, kifungo ni miaka 20 hadi 30. Na thamani haipimwi kwa mizani ya bucha. Mwishoni mwa mwaka 2022, mwanamke mmoja wa Iringa alihukumiwa miaka 22 kwa kukutwa na vipande 12 vya nyama ya swala, vikahesabiwa kwa thamani ya mnyama mzima, takriban Sh900,000. Mahakama Kuu ilimwachia huru Februari 2023. Kesi ilikuwa ya Iringa, lakini Babati nzima iliijadili, na mpaka leo mtu akitaka kukatisha stori ya nyamapori inayoelekea pabaya, anasema tu, "Vipande kumi na viwili, mzee wangu," na mada inabadilika.

Kwa hiyo tembo akila ekari ya mahindi, mwenye shamba anapata kifuta jasho, ikiwa atapata. Mwenye shamba akila swala, anapata miaka. Hivi ndivyo kijiwe kinavyoiona, na ingawa sikubaliani na kila linalosemwa pale, sijapata namna ya kuwaambia kwamba wamekosea hesabu.

Mahali nisipokubaliana nao ni pale wanaposema zamani ilikuwa ruksa kwa wote. Haikuwa hivyo, angalau kwa zamani wanayoikumbuka wao. Wakoloni waliweka leseni za uwindaji muda mrefu kabla ya Uhuru, na mwaka 1973 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima, marufuku iliyodumu hadi 1978. Mzee mwenye miaka 70 leo alikuwa kijana mbichi wakati huo. Hiyo nyama anayoisifia ya enzi zile, mara nyingi ilikuwa haramu tangu siku ile. Tofauti ni kwamba askari wa wanyamapori walikuwa wachache na hawakuwa na gari.

Zamani ya kweli iko mbali zaidi, na ushahidi wake uko karibu. Shika barabara ya Dodoma, ile ya kilomita 251 iliyozinduliwa pale Bonga mwezi Aprili 2018, na kabla hujafika Kondoa mjini utakutana na Kolo. Huko kwenye vilima, chini ya miamba iliyoinama, kuna michoro ya rangi nyekundu iliyoachwa na watu waliokuwa wakiishi kwa kuwinda: twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa vilivyopambwa. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 Unesco ikaliweka eneo lote, kilomita za mraba 2,336, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Nilichokipenda pale ni jinsi mchoraji alivyomjua pofu. Ngozi inayoning'inia chini ya shingo, nundu, uzito wa bega. Aliyechora vile alikuwa amemkaribia mnyama huyo na amemla.

Waliobaki na ujuzi huo leo ni Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, na jirani zao wa upande wa Ziwa Eyasi. Wote kwa pamoja hawazidi sana watu elfu moja. Wanawinda kwa upinde na mishale, mingine ikipakwa sumu inayochemshwa kutokana na mimea, wanachimba mizizi, wanakula ubuyu, na wanaifuata asali wakiongozwa na ndege anayewaitia mzinga. Sheria inatambua uwindaji wa jamii za jadi kwa idhini maalumu. Muhimu zaidi, mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya haki miliki ya kimila kwa ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team. Mmoja wa viongozi wa shirika hilo, Edward Loure, alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya hati za namna hiyo. Hapo nakubaliana na wote: ukimpa mwindaji karatasi ya ardhi, anao msitu wa kuulinda. Ukimwachia pori lisilo na mwenyewe, ng'ombe wa mwingine wanaingia, jembe linafuata, na mnyama anaondoka bila mshale hata mmoja kurushwa.

Wabarbaig ni habari nyingine. Hawa ni wafugaji, na nyama yao ni ya ng'ombe. Kwao uwindaji wa zamani ulikuwa heshima. Mwanaanthropolojia wa Marekani George Klima, ambaye kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1970, ameeleza jinsi kijana aliyeua simba au tembo alivyotukuzwa kama shujaa aliyeua adui wa watu, akazawadiwa ng'ombe na jamaa zake. Kijana aliyekuwa hana kitu alirudi kutoka porini na mkuki uliotumika, akatoka kwenye sherehe na zizi. Ukiwasikia watu wa uhifadhi wakishangaa kwa nini simba wanauawa, kumbuka kwamba palikuwa na mahari ya vijana ndani yake.

Siku hizi simba wanauawa zaidi kwa hasira. Simba ameingia bomani usiku, ameua mbuzi sita, asubuhi vijana wanamfuata kwa nyayo. Simanjiro wamepata dawa inayofanya kazi: kuzungusha wavu wa chuma kwenye boma na kuushikiza kwa miti hai inayopandwa kwa kukata tawi na kulichomeka, ikaota na kunenepa mwaka hadi mwaka. Wanauita ukuta hai. Boma lililozungushiwa hivyo simba huliacha, na mwenye boma analala. Simba anapona bila hotuba yoyote.

Mwaka 2013 ilijaribiwa njia iliyo kinyume kabisa. Operesheni Tokomeza ilianza Oktoba kuwasaka majangili wa pembe za ndovu, na ujangili ulikuwa umekithiri kweli. Tembo walikuwa wakiisha. Ikasimamishwa mapema Novemba baada ya taarifa za watu kupigwa, kuteswa na kufa. Galapo, hapa wilayani Babati, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotajwa. Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Wasiokuwa wenyeji wamesahau. Huku, mtu akiona gari la kijani limesimama karibu na kilabu, anamaliza kikombe chake na kuaga, hata kama kosa lake pekee ni kudaiwa na mwenye kilabu.

Serikali nayo imeligundua tatizo la watu kuwaona wanyama na kutowaonja. Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu bucha za nyamapori: mwenye bucha anakata leseni, nyama inatoka kwa mwindaji mwenye kibali au kwenye shamba la wanyama, inakaguliwa, na mteja anapewa risiti. Wazo zuri. Risiti ndiyo inayotofautisha kitoweo na kesi, kwa hiyo itunze kama cheti cha ndoa. Kijiwe cha Babati kimeigawanya hoja hii vipande viwili. Wapo wanaosema angalau sasa mtoto atajua nyama ya nyumbu ina ladha gani bila kumpeleka baba yake gerezani. Wapo wanaouliza swala huyo huyo aliyelala kwenye shamba langu la Mwada ananifaidia nini akiuzwa kwenye friji ya mjini, kwa bei ya watu wa mjini. Mimi niko na hawa wa pili. Nyama halali inayouzwa kwa mtu ambaye hakuwahi kulala kwenye dungu haimpunguzii mwenye dungu hata saa moja ya usiku wake.

Nimesema kijiwe, nisije nikaeleweka kwamba Babati nzima inawaza nyama. Mwaka 2017 hakuna aliyetaja swala. Agosti mwaka ule India iliweka kikomo cha mbaazi inazoagiza kutoka nje, tani 200,000 kwa mwaka, na bei ya mbaazi za Babati, zilizokuwa zikilimwa mahususi kwa soko hilo, ikaporomoka vibaya. Waliokuwa wamepanga kujenga kwa mbaazi wakabaki na magunia. Ghafla kila mtu kijiweni akawa mtaalamu wa siasa za New Delhi. Ghafla pia mbaazi zikaanza kuonekana jikoni, watu walioziuza miaka yote wakiwa hawazili zaidi ya zile mbichi za kwenye maganda, na kande ya mahindi na mbaazi ikapata heshima iliyokuwa imeikosa. Mpaka leo wapo mama lishe wanaoipika hivyo. Ni nzito zaidi, ina utamu wa udongo fulani, na inashika tumbo mpaka magharibi.

Sasa niseme lile ambalo wazee wa kahawa hulisahau kila mara. Yupo mnyama mmoja wa porini anayekula chakula chetu kuliko tembo, ambaye hakuna anayemlilia ukimkamata, na ambaye watu wanamla waziwazi. Ni kwelea kwelea.

Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi, mdomo mwekundu, na akiwa peke yake huwezi kumwona kuwa ni tatizo. Lakini kwelea haji peke yake. Kundi huwa la maelfu kwa malaki, hata mamilioni, na kila mmoja anaweza kumaliza gramu 10 za nafaka kwa siku. Milioni moja ni tani 10. Mkulima wa mpunga Magugu anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Ndiyo sababu mpunga ukichanua utaona watoto na kina mama shambani tangu saa kumi na mbili asubuhi, wakipiga makopo, wakirusha mawe kwa kombeo, wakivuta kamba zilizofungwa mifuko ya plastiki. Shule zinajua mahudhurio ya msimu huo yakoje.

Makundi yakizidi, ndege ya kunyunyizia dawa inaitwa. Dawa inayotumika ni fenthioni, inapulizwa jioni kwenye vichaka wanapolala, na inaua. Inaua pia bundi na mwewe wanaowala, na inabaki kwenye miili ya ndege walioanguka. Kila panaponyunyiziwa, maofisa hupita kuwaonya watu wasiokote. Watu huokota.

Kusini kidogo, wilayani Kondoa, wapo wanaofanya kitu chenye akili zaidi. Wanasuka mitego ya nyasi mithili ya vikapu, wanatega, na wanatoa kwelea kwa mamia. Watafiti wa wizara ya kilimo pamoja na wenzao wa nje wamekuwa wakiichunguza mitego hiyo na kuilinganisha na nyavu, wakitafuta namna ya kupunguza ndege bila kupuliza sumu, na kuigeuza hasara ya mpunga kuwa kitoweo. Ndege wananyonyolewa, wanachemshwa kwa chumvi, wanakaangwa mpaka wanakauka, na unamla pamoja na mifupa, kichwa ukipenda. Ladha yake iko karibu na dagaa waliokaangwa vizuri kuliko kuku, na huenda vema na ugali wa mtama. Kwa pombe sijui kitu kinachompita.

Huu ndio uwindaji pekee uliobaki wa mtu wa kawaida, na hauna fahari yoyote. Hakuna aliyewahi kupewa ng'ombe kwa kuua kwelea. Mzee hatakusimulia jinsi babu yake alivyomkabili. Hata kijiweni ukimtaja, watakuambia huyo ni ndege wa kuliwa na watoto, kisha warudi kwa swala wao wa mwaka 1975. Lakini kati ya yote yaliyobishaniwa pale, ni kwa kwelea tu ambapo anayeliwa shamba na anayekula kitoweo wanaweza kuwa mtu mmoja. Ningekuwa na sauti halmashauri, ningeitisha mafundi wa mitego kutoka Kondoa waje Magugu kabla mpunga haujachanua, na ningewapa nafasi sokoni wanawake wa kukaanga, na mkaguzi wa kupita kila asubuhi.

Mkaguzi ni lazima, kwa sababu ndege wa mtego na ndege wa dawa wakishakaangwa hawana tofauti machoni. Kwa hiyo ukisimama kununua bakuli la kwelea barabarani, kabla hujauliza bei muulize muuzaji wametoka wapi na walikamatwaje. Muuzaji wa ndege wa mtego atakujibu papo hapo, atakutajia na kijiji. Akianza kukutazama viatu, rudisha pesa mfukoni ukale kande.